Miteremko Mitatu Niliyotumwa Kuihukumu

Tangu nirudi hamjaniacha nipumue. Nikifungua duka mnauliza, nikitoka msikitini mnauliza: ilikuwaje huko, na kwa nini ulisimama mbele ya kamati ukasema maneno yale? Nimekuwa nikiwajibu nusu nusu kwa sababu ya haya. Sasa nimeamua kuandika yote, tangu tulipotoka mjini Kisii, ili anayetaka kunicheka anicheke mara moja, yaishe.

Nianze na jambo ambalo hamkulijua. Mimi Hamisi, niliyetengeneza karibu nusu ya baiskeli za mji huu, naogopa mteremko. Siogopi kidogo. Njia ikianza kuinama mbele yangu, tumbo linajikunja, vidole vinaganda kwenye breki, na masikioni nasikia upepo hata kama majani hayatikisiki. Nimeficha jambo hili miaka kumi na miwili. Baiskeli ya mteja naijaribu kwenye tambarare ya uwanja wa mpira, kisha naisukuma mpaka dukani. Mji wetu uko juu ya vilima, lakini hakuna hata mmoja wenu aliyewahi kujiuliza kwa nini fundi wa baiskeli anatembea sana kwa miguu.

Habari ya kamati mnaijua. Bwana Salim wa duka la jumla alitoa baiskeli mpya iwe zawadi ya mashindano ya kushuka mlima, ya kwanza ya namna hiyo katika wilaya yetu. Watu wa Marani wakataka yafanyike kwao, wa Kebirigo wakataka kwao, na wa Nyamache hivyo hivyo. Walibishana mpaka wakakaribia kushikana mashati. Mwisho wakasema atafutwe mtu asiye na upande, akaikague ile milima yote mitatu na kuleta ripoti. Baba yangu alitoka Tabora, mama alizaliwa Kisumu, na mimi nimezaliwa hapa hapa mjini. Sina ukoo huko wa kunivuta shati. "Hamisi hana upande," wakasema kwa sauti moja. Nikakubali, kwa kuwa sikujua namna ya kukataa bila kusema sababu.

Wakanipa mwenzangu wa safari, Nyakundi, mchukuzi wa ndizi kutoka Keumbu. Mmemwona akipita sokoni na mikungu minne nyuma ya baiskeli isiyo na breki hata moja. Akitaka kusimama anakandamiza soli ya akala zake, viatu vya mpira wa gari, kwenye tairi, moshi unatoka. Yeye angeshuka kila mlima kwa kasi ya mashindano. Mimi ningetazama, ningejaribu mwenyewe, kisha ningeandika.

Kutoka mjini hadi Marani

Tuliondoka Ijumaa baada ya sala. Mteremko wa kwanza nje ya mji ulipofika, Nyakundi alipiga mluzi akapotea. Mimi nilishuka kwenye tandiko, nikatembea. Nilimkuta chini ameegemea mti.

"Fundi, nini?"

"Mnyororo umetoka."

Mteremko wa pili nikamwambia hivyo hivyo. Wa tatu aliinama akautazama mnyororo, uliokuwa mahali pake na umepakwa mafuta vizuri. "Hii mnyororo yako ni ajabu," akasema. "Inajua milima." Sikuthubutu kumtazama usoni.

Kwa kutembea kwangu tulifika Marani jua likiwa limeinama. Mwenyeji wetu alikuwa Mzee Ogeto, aliyewahi kuwa karani wa soko, mtu mrefu anayevaa koti hata kwenye joto. Alitupokea vizuri, lakini nilipomwomba atuonyeshe mlima alitazama jua.

"Sabato inaingia," akasema. "Mlima hauendi popote. Tutaongea habari hiyo kesho jua likishatua, na tutauona Jumapili."

"Jumapili mimi naenda misa," Nyakundi akadakia.

"Na leo Ijumaa nilikuwa na yangu," nikasema. Mzee Ogeto akacheka, akasema tukiendelea hivyo mlima utapimwa na wajukuu. Mimi sikuwa na haraka. Kila saa ya kuchelewa ilikuwa saa moja zaidi ya kuishi.

Kwa heshima yetu mama wa nyumba alikuwa ameshachinja kuku. Nilipoletewa bakuli nilikula ugali wa wimbi na zile mboga chungu za majani ziitwazo saga, nyama nikaiacha. Mzee akaona. Akaacha kutafuna. Watu wote pale mezani wakaacha.

"Unaogopa nini katika nyumba yangu?" akauliza pole pole.

Nilielewa anachofikiri: kwamba nahofia nimewekewa kitu. Nikamweleza kwa haraka kwamba sisi Waislamu nyama tunaila ikichinjwa kwa namna yetu, na kwamba nilinyamaza kwa kuogopa kumvunjia heshima mama aliyehangaika.

"Sasa mbona hukusema?" Uso wake ulilainika. "Hata sisi tuna vyakula ambavyo hatugusi. Ungesema tu, ungepewa kisu uchinje mwenyewe." Akaagiza niletewe maziwa ya mgando, nikanywa vibuyu viwili. Usiku nililala nikiwaza jinsi nilivyoona ni afadhali kumuudhi mtu kuliko kumwambia neno moja la kweli.

Jumapili, Nyakundi aliporudi kutoka misa, tukauona mlima wao. Ndugu zangu, niliupenda. Ulikuwa mpana kama uwanja, wenye nyasi pande zote, unaoinama taratibu mpaka tambarare ya soko. Nilikaa juu ya baiskeli, nikabana breki zote mbili, nikashuka mpaka chini bila kukanyaga ardhi. Mimi Hamisi nilishuka! Mzee Ogeto alinipigia makofi. Pale pale nikatoa daftari nikaandika: *Huu ndio mteremko bora. Sidhani kama upo wa kuushinda.* Miwili mingine sikuwa nimeiona.

Nyakundi alisoma juu ya bega langu, akavuta midomo. "Fundi, hii si mlima. Hii ni mahali ya kuanika mahindi. Mtu akishinda hapa, ameshinda kwa kukanyaga pedali, si kwa kushuka."

"Kila mtu na macho yake," nikamjibu, nikafunga daftari.

Kutoka Marani hadi Kebirigo

Safari hii ilituchukua siku mbili, ingawa mtu mwenye haraka angeimaliza kwa moja. Mvua ya mchana ilitukuta mtoni, na mto ukajaa maji mekundu. Tulikaa na watu wengine ng'ambo hii tukisubiri maji yapungue: mama wawili wenye vikapu vya viazi vitamu na katekista mmoja mzee mwenye mwavuli uliokatika mbavu. Mmoja wa wale mama alitugawia viazi vya kuchemsha. Katekista akauliza tunaelekea wapi.

"Kebirigo, kuangalia ule mlima," Nyakundi akasema kwa furaha.

Yule mzee alifanya ishara ya msalaba. "Ukifika kona ya pili," akaniambia mimi, kana kwamba alishaniona moyoni, "uwe umemaliza sala zako."

Nilikirudisha kiazi kikapuni. Usiku ule, kwa wenyeji wa Nyakundi karibu na Nyamira, sikula. Niliwaambia nimeshiba viazi vya njiani, jambo ambalo halikuwa kweli, na Mungu anisamehe.

Tulipokaribia Kebirigo siku ya pili, Nyakundi alitangulia. Mimi nilibaki nyuma nikisukuma, na kwa kuwa nilitaka kuonekana nina kazi, nikatoa kamba yangu yenye mafundo nikaanza kupima upana wa barabara. Nilifunga ncha moja kwenye kigingi cha uzio wa shamba la chai, nikavuka na nyingine. Nikaandika. Nikasogea hatua mia moja, nikapima tena.

Nilipoinua kichwa niliona wanawake wawili wamesimama na majembe. Kisha wakawa watano. Kisha wakaja wanaume, na mbele yao mmoja mrefu mwenye panga, suruali yake ikiwa imekunjwa hadi magotini.

"Unapima shamba ya nani?" akauliza.

Mnakumbuka jinsi mambo ya kupimiwa ardhi yalivyo mabichi huko. Miaka minane tangu Uhuru, kuna watu wanagombana na ndugu zao hadi leo kwa ajili ya kigingi kilichosogezwa hatua mbili. Na mimi nilikuwa hapo na kamba, daftari na kalamu ya risasi sikioni, sura ya mgeni, Kiswahili cha mjini. Nikataka kuwaeleza kwa Kiekegusii changu cha sokoni, lakini maneno yote yalinikimbia. Yule mtu alisogea hatua moja. Niliona udongo mbichi kwenye makali ya panga lake.

"Baba," nikasema, sauti ikitoka nyembamba, "tafadhali, Baba, usinipige!"

Kisha mwanamke mmoja akaguna, mwingine akaziba mdomo kwa kanga, na ghafla wote wakaangua kicheko. Mnajua wenyewe kwamba kwa Kiekegusii *baba* ni mama. Mtu mzima mwenye ndevu ameitwa mama mbele ya majirani zake na mtu anayetetemeka! Alijaribu kubaki na hasira akashindwa, mabega yakamtikisika.

"Mimi si mama yako," akasema. "Lakini hiyo kamba, eleza."

Kabla sijaeleza, kengele ya baiskeli ililia nyuma yao na watu wakapisha.

Mlima wa Kebirigo

Aliyekuja alikuwa mwanamke wa miaka arobaini hivi, amevaa gauni na juu yake koti la mvua la kiume, akiendesha baiskeli kubwa ya wanaume kana kwamba amezaliwa juu yake. Huyo ndiye Kwamboka, mkunga wa pande zile, na ndiye aliyepeleka ombi la Kebirigo kwenye kamati. Aliwaambia watu maneno machache, wakarudi mashambani, yule mwenye panga akinipungia mkono na kuniita "mwanangu."

Nyumbani kwake, nilikomkuta Nyakundi, alitupa chai na ndizi za kuchemsha, akatueleza bila kuzunguka kwa nini anayataka mashindano. Chini ya mlima kuna daraja la magogo linalounganisha upande ule na zahanati. Magogo yameoza. Ameiandikia halmashauri mara nyingi bila jibu. "Wakubwa wakija kutazama baiskeli," akasema, "wataona daraja. Hawatawaacha wageni wavuke pale. Watalijenga."

"Na kama tukichagua kwingine?" nikauliza.

Alimimina chai. "Basi nitaendelea kuvuka hivyo hivyo mpaka siku nitakayoanguka."

Asubuhi yake tulisimama juu ya mlima. Sitasahau. Barabara nyembamba ya udongo mwekundu ilijitupa chini kati ya chai mbichi, ikapinda kushoto, ikapotea, ikaonekana tena mbali chini kama uzi, ikapotea tena. Nyakundi alitema mate mikononi, akaondoka. Nilimwona kwenye kona ya kwanza ameinama mpaka goti karibu liguse udongo, kisha sikumwona. Nilianza kuhesabu kimoyomoyo. Nilikuwa nimeshafikiria nitakavyomwambia mama yake, ndipo nikasikia mluzi wake kutoka chini.

Mimi sikushuka. Niliketi juu ya jiwe nikaandika: *Mlima huu haufai binadamu. Ni njia ya kifo. Mtu yeyote mwenye akili hatausifu.*

Nyakundi alirudi akisukuma, jasho likimtiririka, meno yote nje. "Hii ndiyo mlima!" akasema. "Fundi, hii ni mama ya milima yote!" Akaenda sokoni kutafuta chakula, bado anajisimulia peke yake. Mimi nilirudi kwa Kwamboka, na kwa kuona ni haki ajue, nikampa daftari. Alisoma ukurasa wa Marani, kisha wa Kebirigo.

"Wewe umeshuka?" akauliza.

"Hapana."

"Basi hapa umeandika habari za mlima au habari za tumbo lako?"

Nilikasirika sana, kwa kuwa tangu nizaliwe hakuna aliyewahi kuniona ndani namna ile. Nilikuwa natafuta jibu kali wakati anga lilipogeuka jeusi na mvua ya mawe ikaanza kupiga mabati. Ilipiga hatusikilizani. Ilipokatika tulitoka nje, na nchi yote ilikuwa nyeupe. Majani ya chai yametobolewa, barabara imefunikwa mawe ya barafu kama mtu amemwaga magunia ya chumvi. Baridi ilipanda kutoka chini ikaingia ndani ya suruali.

Hapo ndipo mwanamume mmoja alipotokea akipanda mlima, amelowa, anahema. Mke wake alikuwa na uchungu tangu alfajiri, mtoto hatoki, na nyumba yao ilikuwa ng'ambo ya daraja. Kwamboka hakuuliza maswali mawili. Alitoa sanduku la bati lenye vifaa vyake na furushi la shuka na blanketi.

"Huwa naenda mara mbili kwa mizigo hii," akaniambia. "Leo hakuna nafasi ya mara mbili. Sanduku nitabeba mimi, furushi utabeba wewe."

"Nitalileta kwa miguu."

"Kwa miguu utafika mambo yamekwisha." Alikuwa anafunga sanduku nyuma ya baiskeli yake. "Fundi, naona unaogopa. Nimeona tangu jana. Ogopa, lakini njoo."

Sijui ni nini kilinipandisha juu ya ile baiskeli. Si ushujaa, msije mkaniita shujaa. Labda nilimwogopa yule mama zaidi ya mlima. Furushi nililifunga mgongoni. Mawe ya barafu yalilia chini ya tairi kama mifupa midogo inavunjika, na mteremko ukanivuta.

"Niangalie mimi mgongoni!" Kwamboka alipiga kelele mbele yangu. "Usiangalie chini! Breki ya nyuma peke yake!"

Nilitazama lile koti la mvua. Sikuona kitu kingine duniani. Gurudumu la nyuma liliteleza kulia, likarudi, likateleza tena. Nilikuwa nasoma dua, nikaichanganya na nyingine, nikaanza upya. Kona ya kwanza tuliipita. Kwenye kona ya pili gurudumu la mbele lilipotea chini yangu na nikaruka. Nilijua nimekufa. Lakini nilidondoka juu ya michai, na ile michai minene ilinipokea, ikanitikisa, ikaniweka chini nikiwa na mikwaruzo tu. Nililala pale sekunde chache nikitazama mbingu, sina pumzi.

"Furushi liko?" akauliza kutoka chini.

"Liko!"

"Basi inuka!"

Nikainuka. Niliposhuka tena ndipo nilianza kuona vitu. Niliona kwamba ukikaa upande wa ndani wa kona, ukingo unakushika. Niliona kwamba baada ya kila kona pana sehemu ndefu iliyonyooka ya kurudisha pumzi. Mlima ule ulikuwa mkali lakini haukuwa na hila. Kila ulichotaka kukufanyia ulikuonyesha mapema.

Daraja ndilo lilikuwa na hila. Lilikuwa magogo matatu, moja limevunjika katikati, yote yamefunikwa barafu, na maji meusi yanapiga kelele chini. Tuliacha baiskeli. Kwamboka alivuka wima, sanduku kichwani, pole pole kama anayebeba maji. Mimi nilivuka kwa magoti na mikono, furushi mgongoni, na gogo la katikati lilipolia nilifumba macho nikaita jina la mama yangu. Sioni haya kusema. Nilihofia pale kuliko nilivyohofia mlima mzima.

Kwamboka aliingia ndani kwa yule mama, nami nikaketi nje chini ya migomba. Nilipewa uji wa wimbi. Sauti ya mwanamke ndani ilipanda, ikashuka, ikapanda. Kisha kimya kirefu sana, na katika kimya kile baba wa mtoto, aliyekuwa ameshatufuata kwa miguu, na mimi, watu tusiojuana majina, tulishikana mikono. Mtoto alipolia, yule mtu alikaa chini kwenye matope. Nami nikakaa.

Kutoka Kebirigo hadi Nyamache

Tulipata lori la majani ya chai hadi Keroka, kisha tukaendelea kwa baiskeli. Kila kiungo kiliniuma. Nilimsimulia Nyakundi yote, hata habari za mnyororo wangu, nikidhani atacheka njia nzima. Hakucheka. Kadiri tulivyokaribia Nyamache alizidi kunyamaza, na alikuwa anaendesha nyuma yangu, jambo ambalo halijawahi kutokea.

Ilikuwa siku ya soko. Tulipita kati ya mikungu ya ndizi na vikapu vya kuku, tukanywa chai ambayo yeye aliiacha ikapoa. Kisha tukaenda juu ya mlima wao. Nilipoutazama nilishangaa. Ulikuwa mrefu, mpana kiasi, wenye kona moja kubwa iliyopinda taratibu. Haukuwa laini kama wa Marani wala mkali kama wa Kebirigo.

"Huu mzuri," nikasema. "Hata mimi naweza kuujaribu."

"Mlima mbaya," Nyakundi akasema. "Andika hivyo."

"Umeona nini?"

"Nimesema mbaya! Andika, twende." Alikuwa ameshageuza baiskeli. Nilimwona usoni, na nilichoona nilikijua vizuri kuliko mtu yeyote. Midomo imekauka. Vidole vimeganda kwenye usukani.

Nililaza baiskeli yangu nyasini, nikaketi. Baada ya muda naye akaketi, amegeukia upande mwingine.

"Ndugu yangu Makori," akasema mwishowe. "Yeye ndiye alinifundisha kubeba ndizi. Siku hiyo alikuwa na mikungu mitano. Mimi nilikuwa nyuma yake. Hapo kwenye kona." Alinyoosha kidole bila kutazama. "Tairi ilipasuka. Nilisikia. Nilifikiri ni mtu amevunja tawi."

"Mlima haukumfanyia kitu," nikasema, kisha nikajuta.

"Najua. Tairi ilikuwa kuukuu." Alifuta uso kwa mkono. "Lakini mimi siwezi kuita hii mlima nzuri. Mdomo inakataa."

Tulikaa pale mpaka soko likaanza kutawanyika. Hakuna aliyeshuka, si yeye si mimi.

Mbele ya kamati

Njiani kurudi nilichana kurasa zangu zote na kuandika upya. Sasa mwajua kwa nini niliposimama mbele ya kamati maneno yangu ya kwanza yalikuwa haya: "Mimi ni mwoga wa miteremko. Mtakayoyasikia, yasikieni mkijua hivyo."

Bwana Salim alishusha miwani. "Hamisi, fundi wa baiskeli unaogopa baiskeli?"

"Baiskeli siogopi. Naogopa kushuka. Ndiyo."

Nyuma mlicheka, niliwasikia. Niliendelea. Nikasema mlima wa Marani nimeupenda kwa moyo wote, kwa sababu ni wa watu kama mimi. Anayejifunza, mzee, mtu mwenye mzigo, aende kule, lakini mshindani hodari atachoka nao. Mlima wa Kebirigo sitaki kuuona tena maishani, nikasema, na bado ndio mlima wa mashindano, kwani unampima mpandaji na haumdanganyi. Ubaya ulioko kule ni wa daraja, na daraja halikuumbwa na mlima. Bila daraja jipya asipelekwe mtu yeyote. Nilipofika Nyamache nilimtazama Nyakundi.

Alisimama mwenyewe. "Nyamache mlima ni nzuri," akasema, kila neno akilitoa kama mwiba. "Mimi ndiye siwezi. Ndugu yangu alikufa hapo. Msiihesabie mlima."

Hapo hakuna aliyecheka. Mzee Ogeto, aliyekuja akitumaini nitaisifu Marani peke yake, aliomba yote yarudiwe kwa Kiekegusii ili wazee waliokaa nyuma wasikie. Yakarudiwa. Wakachagua Kebirigo, daraja likitengenezwa kwanza, na wakaiandikia barua halmashauri. Wiki ya tatu mbao zikafika. Siku ya mashindano aliyeshinda alikuwa kijana wa Nyamache, Nyakundi akawa wa pili, na Kwamboka alinipita chini ya mlima akanigonga begani bila kusimama, kwa kuwa alikuwa ameitwa mahali.

Nyamache, mara ya pili

Hili halijui mtu ila sisi wawili, na Nyakundi amenipa ruhusa nilisimulie. Wiki moja baada ya mashindano alikuja dukani asubuhi, baiskeli yake ikiwa tupu, haina hata mkungu mmoja.

"Fundi, twende Nyamache."

"Kufanya nini?"

"Wewe unajua kushuka ukiogopa. Mimi sijui. Mimi nilikuwa najua kushuka bila kuogopa tu."

Niliazima breki mbili kutoka kwa baiskeli ya mteja, nikazifunga kwenye baiskeli yake, za kwanza kuwahi kuwa nazo. Tulifika juu ya ule mlima kabla ya mvua ya mchana. Alisimama muda mrefu. Nilimwambia asitazame chini, atazame mgongo wangu, na atumie breki ya nyuma peke yake.

Kisha nikatangulia. Nilikuwa natetemeka hivi kwamba kengele ilikuwa inalia yenyewe. Nyuma yangu nilisikia tairi zake juu ya changarawe, na pumzi yake, nzito, karibu sana. Tulipoikaribia kona pumzi ile ilikatika. Sikugeuka. Nilipunguza mwendo mpaka tukawa kama watu wanaotembea, nikaanza kuongea kwa sauti, upuuzi mtupu, habari za spoku na mafuta ya mnyororo, nikaongea kona nzima bila kuacha.

Chini alishuka kwenye baiskeli, akailaza, akarudi kwa miguu mpaka kwenye ukingo wa kona. Alisimama pale, akaweka kiganja kwenye udongo. Mimi nilibaki na baiskeli zote mbili, moja kila mkono, mpaka aliporudi.